Mkubwa wa Foleni ya Mashine

Nianze na ukweli, nisije nikasingiziwa baadaye: mimi Levina sina subira. Mama yangu aliniambia, marehemu mume wangu aliniambia, na padri aliniambia kwenye kitubio, tena kwa sauti kuliko ilivyotakiwa. Kwa hiyo mwaka tisini na tano, ulipokuja mradi wa kuwatembelea watu wenye ulemavu wa akili majumbani kwao, ukatafuta akina mama wa kujitolea wenye subira, Mlabani nzima, mtaa wetu hapa Ifakara, ilicheka jina langu liliposomwa. Nikachukua fomu kwa hasira. Nikahudhuria semina ya wiki tatu kwa hasira. Nikapewa baiskeli, mfuko wa kuning'iniza begani na walengwa saba, na hao saba wakanizoea hivyohivyo nilivyo.

Kazi yenyewe kwenye semina iliitwa utengemao wa kijamii. Maana yake ni kwamba badala ya mtu kufungiwa ndani, au kupelekwa mbali akatunzwe na watu wasiomjua hata jina la mama yake, jirani anamfuata palepale nyumbani. Anamfundisha kuoga, kupika, kufua na kutumwa dukani. Majirani wengine nao wanafundishwa kufunga midomo yao. Hilo la pili ndilo gumu.

Evod alikuwa wa kwanza kwenye orodha yangu. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mabega ya mpakia magunia, na kichwa ambacho jambo lilikiingia polepole, lakini likishaingia halitoki tena. Hospitali waliandika mtindio wa ubongo. Mtaani walikuwa na neno lao, ambalo silirudii hapa kwa sababu nilishammwagia mtu maji ya kuoshea kambale kwa ajili yake, na mpaka leo hatusalimiani.

Mama yake alipofariki alimwachia nyumba ya matofali ya kuchoma, jogoo mmoja mkorofi, na sheria moja: mkubwa kwanza. Mkubwa ananawa kwanza, mkubwa anakaa kwanza, mkubwa anapita kwanza. Na mkubwa ni nani? Ni mtu yeyote ambaye Evod anapaswa kumwamkia shikamoo. Aliishika sheria hiyo kama sisi wengine tunavyoishika Baba Yetu, tena yeye hakuwa anasinzia katikati.

Aliishi na dada yake, Aurelia, aliyemzidi miaka minne. Aurelia alikuwa ameposwa na Sylvanus, mkulima wa ndizi wa kule Sanje, mwanaume mwenye subira kuliko mimi mara mia, maana alikuwa amengoja miaka mitatu. Mavuno yakiisha, Aurelia ahamie kwa mumewe. Lakini Evod je? Sylvanus alisema waje wote wawili, chumba kipo. Wakampeleka Evod Sanje kujaribu. Siku ya tatu akapotea. Kijiji kizima kikaingia migombani kumtafuta, wengine wakapanda mpaka chini ya mlima, kumbe mwenzao yuko Mlabani anafagia uwanja wake. Alikuwa amepanda lori la ndizi, akashuka sokoni Ifakara, akamshukuru dereva na kwenda zake.

"Sanje pazuri," aliniambia nilipomuuliza. "Siyo nyumbani."

Ikabaki njia mbili. Ama Evod akae Mlabani nyumbani kwake, sisi wa mradi na majirani tukiwa tunampitia, ama apelekwe kwenye kituo kimoja huko mbele ya Dodoma, ambako kaka yao wa Dar alikuwa ameshamwombea nafasi. Mradi ukasema utamtuma mtathmini kutoka Morogoro. Akiandika Evod anaweza, atabaki. Akiandika hawezi, gari litakuja Jumatatu itakayofuata.

Aurelia alinishika mkono. "Dada Levina, akienda kule atakufa."

Nikamwambia asiwe mjinga, hafi mtu. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa juu ya gogo la kuni mpaka macho yalipokauka.

Barua ya mtathmini ilitaja jaribio. Mlengwa atatoka nyumbani saa mbili asubuhi na debe la mpunga, atakwenda mashineni, atakoboa, na atarudi na mchele kabla ya saa tano, bila msaada wa mtu yeyote. Niliposoma nilicheka kwa furaha, maana safari ya mashineni tulikuwa tumeifanyia mazoezi miezi miwili. Semina ilitufundisha kuivunja kazi vipande vipande, kama mtu anavyovunja mkate ili mtoto ameze. Kazi ya mashine niliivunja vipande kumi na vinne. Kipande cha kwanza, funga mpunga. Cha pili, jitwishe. Na kuendelea hivyo mpaka cha kumi na nne, tua nyumbani, kunywa maji.

Kila Jumatano mchana tulikwenda, kwa sababu Jumatano mchana hakuna watu na Donati, mwendesha mashine, analala juu ya magunia. Kipande cha tisa kilisema "ngoja zamu yako." Hicho tulikifanyia mazoezi kwa kumsimamisha Evod nyuma ya debe tupu. Nalisogeza debe, naye anasogea. Nalisogeza tena, anasogea tena. Nilijiona mwalimu.

Kumbe debe halina umri. Hilo sikuliwaza hata kidogo.

Siku ya jaribio ikapangwa Jumamosi ya Julai, mpunga umetoka mashambani, bonde zima linakoboa. Ijumaa jioni nilipita nyumba kwa nyumba kuanzia kwa Evod mpaka mashineni. Nilisema neno moja tu kila mlango: "Kesho Evod anapita. Asisaidiwe. Atakayemsaidia atanijua." Wakaitikia vizuri sana. Nilipaswa kushtuka hapohapo, kwa sababu watu wa Mlabani wakiitikia vizuri ujue wana lao.

Mtathmini aliitwa Bwana Hermenegildi. Alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linasimama peke yake, na mkononi saa kubwa ambayo aliitazama kila baada ya sentensi. Alimsalimia Evod kwa heshima, akamweleza safari, akamuuliza kama ameelewa. Evod akasema ndiyo. Saa mbili kamili akajitwisha debe lake na kuondoka, shingo imenyooka, mikono haigusi. Mimi na Bwana Hermenegildi tukamfuata hatua ishirini nyuma.

Tulipofika kona ya kwanza Bwana Hermenegildi aligeuka. "Mama Levina, hawa watu ni nani?"

Nikageuka nami. Nyuma yetu walikuwa watu kama arobaini, wengine na madebe ya mpunga kichwani, wengine na watoto mgongoni, mmoja na mswaki mdomoni.

"Hawa hawasaidii," nikasema.

"Naona hawasaidii. Nauliza ni nani."

"Ni walewale waliokatazwa kusaidia. Wamekuja kutosaidia."

Aliandika kitu. Na kweli hawakusaidia. Hawajawahi kutosaidia kwa bidii namna ile. Debe lilipoinama kidogo upande wa kushoto, watu arobaini waliinamisha vichwa kulia. Evod alipokanyaga jiwe, mama mmoja alijiziba mdomo kwa khanga asije akasema "pole", maana aliona pole nayo ni msaada.

Evod mwenyewe hakuwa na habari nao. Alikuwa anasalimia. Kila mlango, shikamoo. Kila baiskeli, shikamoo. Anangoja aitikiwe, ndipo anakwenda. Bwana Hermenegildi alitazama saa.

"Hizi salamu ni lazima zote?"

"Unataka awe mshenzi?" nikamwuliza. "Au salamu nazo ni msaada?"

Alikuwa mtu wa haki, siwezi kumnyima hilo. Alisimama katikati ya barabara, akafungua mwongozo wake, akasoma mstari kwa mstari. "Salamu ni utamaduni," akasema mwishowe. "Hazihesabiwi kuwa msaada. Zinaruhusiwa zote."

Bibi Kristina alikuwa anatembea nyuma yetu na ungo wake kwapani. Ana miaka sabini na kitu, na hicho kitu hakitaji. Anavuta ugoro, na kila mtu anadhani hasikii. Alipiga chafya, akafuta pua, na tukaendelea.

Mashineni kulijaa. Pale foleni haipangwi na watu, inapangwa na vyombo. Unaweka debe lako nyuma ya la mwisho, unakwenda kukaa kivulini kusema watu, na foleni ikisogea kila mtu anasukuma chombo chake kwa mguu. Evod alifika akaweka debe lake mahali pake. Kipande cha tisa. Nikapumua.

Akaja mama mmoja na kiroba. "Shikamoo," Evod akasema. "Marahaba," mama akajibu. Evod akalivuta debe lake nyuma, akampisha. Mkubwa kwanza.

Nikaitazama saa ya Bwana Hermenegildi.

Akaja mzee na baiskeli yenye magunia mawili. Shikamoo, marahaba, debe nyuma. Wakaja akina mama watatu kutoka Kiberege walioshushwa na gari: shikamoo mara tatu, marahaba mara tatu, debe nyuma mara tatu. Na wale arobaini wetu waliobeba mpunga nao wakaanza kujipanga, na karibu wote walikuwa wakubwa kwake. Walijaribu kujificha. Mmoja aliinama nyuma ya gunia asionekane. Evod alizunguka gunia, akamwona, akamwamkia, akarudi kuvuta debe. Kila foleni iliposonga hatua moja mbele, Evod alisonga mbili nyuma. Kufikia saa tatu na nusu alikuwa ametoka nje ya kivuli cha mashine na anakaribia barabara.

"Hii ni nini?" Bwana Hermenegildi akauliza.

"Ni adabu."

"Fomu inasema kungoja zamu. Huyu anaikimbia zamu." Akaandika, na nikaiona kalamu ikichora alama ya kosa kwenye kisanduku cha zamu. Nilitamani kumng'ata. Nasema kweli, nilimtazama mkono nikachagua na mahali. Lakini ningemgusa, au ningefungua mdomo kumwambia Evod asogee, jaribio lilikuwa limekwisha na gari la Jumatatu limekuja. Nilikaa juu ya mikono yangu. Hakuna aliyekuwa na hamu tena ya kutosaidia. Mtu mmoja alinong'ona tumwondoe hapa, anaaibika. Evod hakuwa anaaibika. Alikuwa anatoka jasho na kutabasamu, anawapisha wakubwa.

Wakati huo Bibi Kristina, ambaye debe lake lilikuwa foleni tangu alfajiri, alikuwa mlangoni kabisa, wa kwanza, zamu yake imefika. Donati akampigia kelele amwage mpunga. Bibi hakumwaga. Aliokota ungo wake, akafunga khanga vizuri, akaiacha zamu yake na kutembea foleni nzima kurudi nyuma, polepole, mpaka mbele ya Evod. Akapiga goti kidogo, kama msichana.

"Shikamoo, baba," akasema.

Evod aligeuka nyuma kuona ni baba gani amesimama pale. Hakukuwa na mtu, kulikuwa na mbuzi.

"Wewe, Evod," Bibi akasema. "Nimesema shikamoo. Utanijibu au niondoke na salamu yangu?"

Mwanamke mmoja alisema masikini bibi, jua limempata. Evod alimtazama Bibi Kristina usoni. Alitazama goti. Nikaiona ile kazi ikifanyika ndani ya kichwa chake, kipande kwa kipande, na mimi siku hiyo, Mungu shahidi, nilikuwa na subira.

"Marahaba," akasema.

Kisha akaliinua debe lake, akatembea mpaka mlangoni, akaliweka mbele ya la Bibi Kristina. Mkubwa kwanza.

"Hapana!" akasema Bwana Hermenegildi. "Huo ni msaada!"

"Ni salamu," nikasema. "Utamaduni. Umesoma mwenyewe."

Alifungua mwongozo. Aliusoma, akaugeuza, akausoma tena. Lakini Donati akatoa kichwa mlangoni na kuleta balaa. Alisema yeye hakoboi kwa upendeleo: bibi mmoja amempisha huyu, sawa, lakini wengine waliokuwa nyuma ya bibi je? Wasije wakamlalamikia. Kila mwenye debe aseme mwenyewe.

Basi wakasema. Mama wa kiroba alikuja akapiga goti: shikamoo, Evod. Mzee wa baiskeli alivua kofia: shikamoo. Akina mama wa Kiberege, ambao hawakuwa wanajua lolote, waliona watu wanapanga mstari wakadhani ni mchungaji mpya, wakaamkia kwa mikono miwili na mmoja akaomba aombewe mguu. Katekista alikuja na tumbo lake. Evod aliitikia kila mmoja, taratibu, bila kuruka hata mtu mmoja, na kila marahaba ilitoka nzito kuliko iliyopita.

Halafu akaja Mwalimu Dionisi. Huyu alikuwa amestaafu miaka mingi, lakini zamani ndiye alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na ndiye aliyemrudisha Evod nyumbani siku ya tatu ya shule na kumwambia mama yake asimlete tena. Kila mtu pale alilijua hilo. Mwalimu alisimama mbele ya Evod, akakohoa, akatazama viatu vyake.

"Shikamoo, Evod," akasema.

Evod alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Marahaba, Mwalimu," akasema. "Umekua."

Tulicheka mpaka watoto wakaamka migongoni. Mwalimu naye alicheka, akawa anafuta macho, na alifuta kwa muda mrefu kuliko kicheko chenyewe.

Na nyuma ya Mwalimu, kwa sababu alikuwa ameingia kwenye mstari ili asikie vizuri na kuandika, alikuwa Bwana Hermenegildi. Mstari ulisogea, naye akasogea. Ghafla akajikuta uso kwa uso na Evod, watu wanasukuma nyuma, Evod anamtazama na kungoja.

"Shikamoo," akasema Bwana Hermenegildi kutoka Morogoro, kisha akashika mdomo.

"Marahaba, kijana."

Mpunga ukakobolewa. Saa nne na dakika thelathini na tano mchele wa Evod ulikuwa ndani ya debe, mweupe, chenga chache. Nyumbani ni mwendo wa dakika ishirini. Nilimshika mama aliyekuwa jirani yangu nikamtikisa kwa furaha. Tumeshinda!

Lakini wazee walisema ukubwa ni jalala, na mimi nilikuwa nimelisahau hilo. Evod sasa alikuwa mkubwa kuliko watu wote mashineni, na mkubwa haondoki akawaacha wadogo. Alitua debe lake, akasimama mlangoni. Aliwaita watu wamwage mpunga, mmoja mmoja. Aliwafukuza kuku. Wanawake wawili waligombania ungo, kila mmoja anasema ni wake, wakamgeukia Evod kwa utani wakasema mkubwa amua. Evod aliuchukua ungo.

"Huu ni wangu," akasema. "Wewe peta kwanza. Halafu wewe."

Na wakapeta, kwa zamu, bila neno. Nimeona mabaraza ya kata yakikaa siku mbili na yasifike hapo.

Saa tano ilipita. Niliiona ikipita kwenye mkono wa Bwana Hermenegildi. Hakuandika kitu, alinitazama tu, nami nikatazama pembeni. Saa sita kasoro, Evod aliporidhika, alijitwisha debe la Bibi Kristina, maana bibi mgongo unamsumbua. Debe lake mwenyewe akalinyanyua, akaangaza macho, akaliweka juu ya kichwa cha Bwana Hermenegildi.

"Kijana," akasema, "beba."

Nilikuwa tayari kwa lolote. Lakini mtu ukishaamkia umeamkia. Bwana Hermenegildi alishika debe kwa mikono miwili, fomu zake akazining'iniza kwa meno, na tukaondoka kwa mwendo wa Bibi Kristina, ambao ni mwendo wa kinyonga aliyeshiba. Kila hatua mchele ulimwagika kidogo, na kuku wa mtaa mzima walitufuata. Kwa Bibi Kristina tulitua, tukakaribishwa maji, tukasimuliwa habari za mgongo. Tulifika nyumbani kwa Evod saa saba na nusu.

Aurelia alikuwa amesimama mlangoni tangu saa tano. Alitazama jua, akamtazama mtathmini mwenye pumba mpaka kwenye nyusi, akanitazama mimi. Aliingia ndani akawasha moto, kwa sababu mgeni ni mgeni hata akija kukuharibia.

Evod alisema hapana, apike yeye. Alimpa Bwana Hermenegildi ule ungo wake mpya na mchele apete. Maskini, aliurusha juu ukamrudia machoni. Aliurusha tena, nusu ikaenda kwa jogoo. Evod akamnyang'anya taratibu bila kumsema, akapeta mwenyewe, akaosha, akabandika, akakaanga perege wawili. Mimi sikufundisha perege. Hiyo ilitoka kwa mama yake.

Tulipokaa kula Bwana Hermenegildi alifuta mikono na kutoa fomu. "Kuna sehemu ya mwisho," akasema kwa sauti ndogo. "Anaulizwa mlengwa mwenyewe. Evod, ukikaa hapa bila dada, nani atakupikia?"

"Mimi."

"Nani atakufulia?"

"Mimi."

"Na ukiumwa?"

"Levina. Atanigombeza, halafu atanipeleka."

Bwana Hermenegildi aliandika. Evod aliitazama kalamu. Kisha akauliza yeye.

"Wewe, nani anakupikia?"

"Mke wangu."

"Nani anakufulia?"

"Mke wangu."

"Ukiumwa?"

"Ni yeye, mke wangu."

"Mashineni unakwenda?"

"Sijawahi. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Evod hakumuuliza habari za kupeta, alikuwa amejionea. Aliacha kula. Alimtazama Bwana Hermenegildi kwa huruma ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima, akasogeza kigoda chake karibu, akashusha sauti kama mtu anayemwambia mtoto habari za sindano.

"Watakuja na karatasi," akasema. "Watakuuliza. Wataandika. Halafu watakupeleka mbali, na mtu wa kumjua huna."

Miezi yote ile tulikuwa tunanong'ona nyuma ya nyumba, mimi na Aurelia, tukidhani tunamficha. Alikuwa anajua. Alikuwa amekwenda mashineni na debe kichwani huku anajua, na bado aliwapisha watu wote.

Evod aliweka mkono wake mkubwa juu ya bega la Bwana Hermenegildi.

"Usiogope," akasema. "Mimi ni mkubwa. Sikuandiki. Nitawaambia wakuache ubaki kwenu."

Aurelia alikuwa ameshika mwiko, na hakuuweka chini mpaka tulipomaliza. Mimi nililia, tena sikusingizia moshi. Bwana Hermenegildi aliinama juu ya fomu. Alikata visanduku vyote kwa mstari mmoja kutoka juu mpaka chini, na kwenye nafasi ya maoni akaandika maneno machache.

"Nimeandika ubaki," akasema.

"Nani?"

"Wewe, Evod. Ubaki hapa nyumbani kwako."

"Na wewe?"

"Na mimi kwangu."

Evod alifikiri, akaona ni haki. Akamsogezea perege aliyebaki.

"Haya, kula," akasema. "Wali unapoa."